Amri ya Majina Matatu

Ni mimi niliyeitunga. Kwa miaka mingi, kila wazee wa Tabora walipoikumbuka ile amri ya simu na kumlaani "yule bwana mtaalamu kutoka Dar es Salaam", nilitikisa kichwa kwa masikitiko pamoja nao, na mara nyingine niliongeza laana yangu ndogo ili nisionekane nimejitenga. Hakukuwa na bwana. Kulikuwa na binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Gongoni, hapo hapo Tabora, mwenye shahada mpya na viatu vya soli nene, na binti huyo ndiye anayeandika haya.

Nakiri leo kwa sababu ya mtoto wa kaka yangu. Ameajiriwa Dar es Salaam katika kampuni ndogo ambayo kazi yake ni kushauri tu. Hawauzi kitu unachoweza kukishika. Alipokuja likizo nilimwomba anieleze hasa anashauri nini, maana baba yake huwaambia watu msikitini kwamba binti yake anatengeneza kompyuta, na watu wamekwisha kuanza kumletea redio zao.

"Shangazi," akasema, "kompyuta hazijui majina. Zinajua namba tu. Wewe ukiandika jina la tovuti, sisi tunaliita jina la kikoa, kuna mtambo mahali, seva, unaolipokea hilo jina, unalitafutia namba yake, halafu unakufikisha. Sisi tunawashauri wenye seva hizo namna ya kuzitunza na kuzilinda."

"Kuzilinda na nini?"

"Na waongo. Mtu anaweza kuidanganya seva, wewe ukataka kwenda benki ukajikuta umebisha hodi kwa mwizi."

"Na mnawashauri wafanyeje?"

"Wathibitishe. Kila anayejibu athibitishe kwamba ni yeye."

"Na wakwe je?"

Akanitazama kwa ule upole wa mtu anayepiga hesabu ya umri wako.

"Wakwe gani, shangazi?"

Nikajua hawa watoto wanafundishwa nusu.

Enzi za Ujamaa, wakati sukari ilipokuwa inagawiwa kwa kaya na sabuni ilipokuwa inazungumzwa kama ndugu aliyesafiri, kituo cha simu cha Tabora kilikuwa chumba nyuma ya posta. Ndani yake kulikuwa na ubao mrefu wenye matundu, waya zenye ncha za shaba, na mbele ya ubao, opereta. Miaka ile alikuwa mama wa makamo, mtoto wa mjini hasa. Ukoo wake ulifika Tabora na misafara, upande mmoja ukimiliki mizigo na upande wa pili ukiibeba, naye alitumia upande wowote uliomfaa siku hiyo. Akidharauliwa alikuwa Mwarabu. Akiombwa mchango alikuwa mjukuu wa mpagazi.

Namba zilikuwepo, lakini hakuna aliyezitumia. Mtu aliinua simu akasema, "Nipe duka la kona," au, "Nipe yule mzee wa ngozi, siyo mwenye ndevu, huyo mwingine," na opereta alichomeka waya. Nusu ya mji aliijua kwa sauti. Nusu nyingine aliikisia, na alipokosea alimlaumu aliyepiga. Aliwahi kumuunganisha bwana mmoja na mke mkubwa wakati bwana alimtaka mke mdogo, na aliposhtakiwa akasema simu nayo ina adabu zake: mkubwa kwanza.

Kisha akatokea mwizi. Alipiga simu duka la ushirika akasema, "Hapa ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Dereva wangu anakuja, mpeni magunia mawili ya sukari, kuna wageni wa Chama." Dereva alikuja na baiskeli, na hakuna aliyeshangaa, maana petroli nayo ilikuwa haba. Mwezi uliofuata sauti ile ile ilichukua doti za khanga. Mkuu wa Wilaya alipowauliza watu wa duka kwa nini kina mama wanamwangalia vibaya, mambo yakafika Dar es Salaam.

Huko Dar es Salaam nilikuwa mimi, ofisa mpya kabisa katika ofisi ya simu, nikisubiri kuthibitishwa kazini. Mkuu wangu aliposikia nimezaliwa Tabora akaandika kwenye hati yangu ya safari neno "mshauri". Sijawahi kupenda neno kiasi kile. Nililala nalo kwenye treni hadi nyumbani, na asubuhi tulipopita stesheni ya Kigwa, karibu na kufika, nilikuwa tayari najisikia mtu wa kupokewa na bendi. Nilipokewa na mama yangu, akaniambia nimekonda.

Nilimhoji opereta, mbele ya karani wa stempu.

"Kwa nini ulimuunganisha bila kuhakikisha ni nani?"

"Nilihakikisha. Alinisalimu."

"Salamu si uthibitisho, mama."

"Alinisalimu, akauliza habari za watoto, akauliza habari za mguu wangu. Mwizi gani anaulizia mguu?"

"Mwizi aliyejua una mguu."

"Kila mtu anajua nina mguu," akasema, akaniona mjinga, na kikao kikaisha.

Nikakaa chini na taipureta ya posta nikatunga amri. Namba hata mwizi angeweza kuzijua, kwa hiyo namba pekee isitoshe. Jina moja nalo halikufaa kitu: familia zetu za kibiashara zina desturi ya kumpa mtoto jina la babu, mjukuu jina la baba, hivyo majina matatu manne yanazunguka mtaa mzima kama kikombe kimoja cha kahawa. Basi niliandika: anayetaka simu ataje majina matatu ya mtu anayemtaka, lake, la baba yake na la babu yake, bila kubagua wala kupendelea. Nikaongeza kwamba hakuna atakayegusa ubao isipokuwa opereta wa zamu, hata mshauri. Chini sikuweka jina langu. Niliandika, "Kwa niaba ya Makao Makuu," kwa sababu ilipendeza.

Nataka msomaji asiyetoka kwetu aelewe ukubwa wa upumbavu huu. Kwetu, uwe Mnyamwezi wa kijijini Ipole au mwungwana wa Gongoni mjini, mke hamtaji mumewe kwa jina, na mkwe hatajwi kabisa. Baba mkwe ukimtaja jina umemvua nguo. Kuna wanawake Tabora ambao mkwe wao ana jina la siku ya wiki, na siku hiyo kwao ni "ile inayofuata Jumatano". Na waliokuwa na simu mjini walikuwa wanaume, na waliokuwa wakiwapigia hao wanaume ni wake zao na wake wa wana wao. Haya yote niliyajua kabla sijaota meno. Lakini nilikuwa nimetoka miaka mitatu chuo kikuu ambako kila mtu huitwa Ndugu Fulani, rais wa wanafunzi na mpishi wa bwenini, na niliandika amri kama mtu ambaye hakuzaliwa na mama bali na kamati.

Asubuhi ya kwanza nilikaa nyuma ya opereta kushuhudia ushindi wangu. Taa ya kwanza iliwaka.

"Nipe dukani kwa baba watoto."

"Majina matatu," opereta akasema.

"Ya nani?"

"Ya huyo baba watoto."

"We! Umeamkaje leo? Hunijui?"

"Nakujua. Idi nilikula kwako. Majina matatu."

"Wataka nimtaje?"

"Mimi sitaki. Serikali inataka."

Simu ilikatwa kwa kishindo. Mama mwingine alimwinua mwanawe mdogo amtajie. Tukasikia pumzi za mtoto, kisha sauti ndogo ikasema kwa fahari, "Baba." Mwingine alikuja posta mwenyewe na jirani yake, mama wa Kiha ambaye hakuwa na mkwe Tabora nzima, na mama huyo akasimama kwenye kibanda cha simu akawataja wanaume wa mtaa mzima mmoja mmoja, kwa sauti kubwa, akifurahia. Kufika adhuhuri alikuwa na foleni yake. Niliona njia ya udanganyifu inafunguka, nikairudia taipureta na kuongeza mstari: atakayezungumza ndiye atakayetaja. Nilijiona mjanja sana.

Kabla juma halijaisha mwizi alipiga. Opereta akamdai majina matatu. Akayataja: la meneja wa duka la ushirika, la baba yake, la babu yake, na akaongeza la babu wa babu kama zawadi. Zikaondoka katoni za sabuni. Mwizi hana mkwe. Hakukamatwa kamwe, nasikia baadaye aligombea udiwani.

Hapo ningeichana ile karatasi. Lakini siku ile ile ilikuja simu ya maandishi kutoka kwa mkuu wangu: amri nzuri, hongera, ataipeleka mikoa mingine. Nikaikunja na kuiweka kwenye mkoba, na mara kwa mara niliifungua kuitazama. Sokoni kina mama walikuwa wanamwapiza yule bwana wa Dar. Mama mmoja aliniuliza kama namjua. Nikasema nimewahi kumwona kwa mbali.

Sasa, mimi nilikuwa na mchumba. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari ya mjini, kijana wa Ipole, mpole, mrefu, mwenye kalamu mfukoni hata siku ya sikukuu. Posa ilikuwa imejibiwa, kwa hiyo kwa desturi nilikwisha kuwa mkwe wa watu. Lakini mama yake hakunitaka. Alisema msomi hataishi kwao hata mvua moja, hatajua kupalilia tumbaku, na atamtaja mzee kwa jina mbele za watu kama wafanyavyo huko walikosoma. Alitaka niache kazi na nikae kwake Ipole baada ya harusi, nifundishwe. Baba yake, aliyekuwa mwenyekiti wa ushirika wa warina asali, alikuwa hajasema neno la mwisho. Mvua zilikuwa zimeikata barabara, ila ofisi yao ya ushirika ilikuwa na simu ya kuzungusha mkono, na mzee aliipenda ile simu kuliko mizinga yake. Kabla barabara haijakatika alituma ujumbe na lori la asali: "Nasikia huyo binti ni mkubwa wa simu. Basi anipigie. Jumanne asubuhi nitakuwa ofisini. Nataka kusikia kwa mdomo wake kama kazi ataacha au haachi. Baada ya hapo nitasema kama tunaoa."

"Akikataa?" nikamuuliza mwalimu.

"Akikataa, amekataa. Siwezi kuoa bila baba."

"Ungeweza ukitaka."

"Ningeweza. Halafu ungenidharau."

Alikuwa amepiga hesabu sawasawa. Nilimpenda mtu huyu, na nilikuwa sina hakika kama nitaweza kumpata mwingine mwenye kalamu ile.

Mama yangu naye akanipa la kwake. "Utazungumza na mkwe wako kwa heshima. Na ukimtaja jina, hata likikuponyoka, usirudi hapa. Nitaficha wapi uso?"

Hapo ndipo nilipokumbuka karatasi iliyobandikwa ukutani kwenye kituo cha simu. Nakumbuka kabisa nilikuwa nakatakata bamia.

Jumanne nilifika posta mapema na kuingia kwa opereta kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kuuona kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mheshimiwa mshauri."

"Leo ile amri tuisimamishe kidogo."

"Amri ya Makao Makuu husimamishwa na Makao Makuu. Piga simu Dar es Salaam uwaombe."

"Basi niunganishe na mkuu wangu."

"Majina matatu."

Jina la babu yake mkuu wangu sikulijua. Nikautazama ubao. Tundu la Ipole lilikuwa pale pale, ningeweza kulichomeka waya huku nimefumba macho. Opereta akafuata macho yangu, akanyoosha kidole ukutani, akasoma polepole: "'Hata mshauri.' Maneno matamu haya. Sijui nani aliyaandika."

Nikatoka, nikaingia kwenye kibanda ukumbini. Mlango wake ulikuwa haufungi, na foleni ya stempu ilikuwa imekwisha kujigeuza kunielekea. Nikainua simu.

"Wapi?" opereta akauliza, kana kwamba hatukuwa tumeonana.

"Ipole. Ofisi ya ushirika wa asali."

"Subiri niwaamshe." Nikasikia kengele ikilia mbali, mtu akipokea, waya ukikwaruza. Opereta angeweza kufunga upande mmoja wakati anazungumza na upande wa pili; ndiyo kazi yake. Hakufunga. Nilikuwa naijua ile sauti ya laini iliyo wazi kote kote, kama chumba kikubwa kisicho na samani. Na ndani ya chumba hicho, upande wa Ipole, mtu mzima akakohoa kikohozi cha tumbaku.

Alikuwa ananisikia.

"Unamtaka nani Ipole?" opereta akauliza.

"Unamjua."

"Mimi simjui mtu. Tangu amri ije simjui hata mume wangu."

"Mwenyekiti."

"Mwenyekiti yupi? Nchi hii ina wenyeviti kuliko viti."

"Mwenyekiti wa warina asali. Baba yake mwalimu wa hesabu."

"Sijaandikiwa mambo ya hesabu hapa. Majina matatu, mwanangu. Atakayezungumza ndiye atakayetaja."

Kwenye foleni mama mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, mwacheni binti wa watu, ni mkwe wake huyo!" Mwingine akajibu, "Mwache ataje, wasomi hawa hutaja." Yule mama wa Kiha alikuwepo, akanyoosha shingo na kusema yuko tayari kusaidia, ila amri mpya imemharibia riziki.

Niliweza kutaja. Nataka hilo lieleweke. Majina yote matatu yalikuwa yamekaa mdomoni mwangu, ya kawaida kabisa, moja lao hata ni jina la mtu niliyesoma naye. Nilijiambia jina ni sauti tu, nimefaulu mtihani juu ya hilo. Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni, "Huyo... huyo mkubwa wa pale."

"Wakubwa wengi."

"Mama, nakuomba."

"Na mimi niliombwa," opereta akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mzaha. "Niliambiwa salamu si uthibitisho. Nimekaa mbele ya ubao huu ujana wangu wote, nikaambiwa mbele ya karani wa stempu kwamba sijui ninachofanya. Sasa mimi nafuata karatasi. Taja, au nakata."

Nilishika simu kwa mikono miwili. Nikawaza mwalimu na kalamu yake, nikawaza karatasi ya pongezi mkobani, nikaona sitaki hata kuifungua.

"Kata," nikasema.

"Asikate," ikasema sauti ya mzee.

Kisha mzee akaita:

"Opereta."

Opereta akabadilika kuwa mtoto. "Abee, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu nisomee tena hiyo karatasi yenu. Nani anatakiwa kutaja?"

"Atakayezungumza, mzee."

"Mimi nitazungumza?"

Waya ukakwaruza kidogo. "Utazungumza, mzee."

"Imeandikwa upande upi wa waya?"

"Haikuandikwa."

"Basi sikiliza." Na akajitaja. Alitaja jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa utulivu, kama mtu anayepanga mizinga. Hakuishia hapo. Akaendelea na yule aliyehamia Ipole kufuata nyuki, na yule aliyekwenda pwani kwa miguu na mzigo wa mtu mwingine kichwani akarudi na kofia ya mtu mwingine. Nilifunga macho. Sikuwa na ruhusa ya kuyasema majina yale, ila hakuna aliyenikataza kuyasikia.

"Umeridhika?" akamuuliza opereta.

"Nimeridhika, mzee. Zungumzeni."

"Haya. Mkwe upo?"

"Nipo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mama yake mwalimu yuko hapa pembeni, ameshika mlango. Sema tumsikie sote. Kazi utaacha?"

Kamba ya simu nilikuwa nimeizungusha kwenye vidole hadi vimekufa ganzi.

"Siachi, baba."

Nyuma yake sauti ya mwanamke ilisema kitu kwa Kinyamwezi ambacho nilikielewa vizuri.

"Umesikia alichosema?" mzee akauliza.

"Nimesikia."

"Una jibu?"

"Mwambie nitakuja kila likizo. Nitapalilia."

"Utaweza?"

"Nitajaribu."

"Usijaribu. Wasomi wametuharibia mashamba ya kutosha." Akakohoa, au alicheka, kwa waya wa Ipole vilikuwa kitu kimoja. "Mimi nilitaka kujua kama utanidanganya. Ungesema utaacha ningekataa, maana nisingejua lini tena unasema kweli. Mwambie mwalimu abaki huko huko mjini na kalamu yake. Na waambie wazee wako tutakuja barabara ikifunguka, waandae mchele. Asali tutaleta sisi."

"Ndiyo, baba."

Simu ya Ipole ikawekwa chini. Nikabaki nimesimama, foleni ya stempu ikinikodolea macho kusubiri nitangaze hukumu ya mzee, na sikioni opereta akapumua.

"Bado mnazungumza?" akauliza.

"Tumemaliza," nikasema.